Jipsamu ya ngazi tatu, taa za zambarau na sofa ya kijivu: nifuate mtindo gani?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi na mume wangu tunamalizia nyumba yetu Kigamboni, Dar es Salaam, si mbali na bahari. Ina vyumba vitatu, sebule na jiko vimeungana. Bati tumeezeka Agosti, madirisha bado hatujaweka, lipu ya ndani imekauka. Tumebakiwa na milioni tisa za kumalizia ndani. Fundi ametuonyesha picha kwenye simu: dari ya jipsamu ya ngazi tatu yenye mikanda ya taa za zambarau, ukuta wa TV wa paneli za plastiki zinazofanana na marumaru, sakafu nyeupe inayong'aa mpaka chumbani, sofa ya kona ya kijivu. Anasema ndiyo mitindo ya sasa. Mume wangu amezipenda. Mimi naogopa hela zikiisha tutabaki na nyumba iliyopitwa na wakati baada ya miaka miwili. Mitindo ya sasa ni ipi hasa, na sisi tufuate ipi?

JIBU: Dada, hongereni kwanza. Kufika kwenye bati bila kukwama si jambo dogo, na ninyi mmefika mkiwa bado na hela mkononi. Naomba msizimalize kwenye dari.

Umeuliza mitindo ya sasa ni ipi, basi nianze hapo. Picha alizowaonyesha fundi ni za mtindo uliovuma hapa mjini miaka kadhaa iliyopita na bado unauzwa kwa sababu mafundi wengi wameuzoea. Kwingineko upepo umegeuka. Kijivu kinaondoka, zinakuja rangi za joto: kahawia, rangi ya udongo wa mfinyanzi, kijani cha mzeituni, nyeupe yenye umanjano kidogo kama maziwa ya mtindi. Vitu vinavyong'aa vinapungua, vinakuja vitu ambavyo ukivigusa unasikia mkwaruzo wake: lipu ya chokaa, mbao isiyopakwa vanishi nzito, kitani, nyasi zilizosukwa. Kona kali zinalainishwa kuwa mviringo. Na sebule iliyoungana na jiko, iliyosifiwa sana, sasa watu wanaanza kuirudishia milango.

Lakini angalia jinsi mambo haya yanavyokwenda. Kampuni ya Marekani iitwayo Pantone hutangaza rangi ya mwaka tangu mwaka 2000, na wauza rangi na vitambaa dunia nzima huifuatilia. Kwa mwaka 2021 ilitangaza kijivu na njano. Kwa mwaka 2025 ikatangaza kahawia ya moka. Kwa mwaka 2026 nyeupe. Mtu anayepaka nyumba yake kwa kufuata tangazo angekuwa anapaka upya kila mwaka. Kwa hiyo hofu yako ina msingi. Rangi ya mto wa kochi inaweza kufuata mwaka. Dari, sakafu na madirisha haviwezi, na hivyo ndivyo vinavyokula hela.

Mimi mteja akinijia na picha, namuuliza kwanza: nyumba iliyo kwenye picha hii iko wapi? Mara nyingi iko kwenye nchi ya baridi, madirisha yamefungwa, kiyoyozi au hita inafanya kazi mwaka mzima. Yako iko Kigamboni. Hewa yake ina unyevu na chumvi, kaskazi inaleta joto kuanzia Desemba hadi Machi, kisha masika, kisha kusi. Kitu kinachopendeza kwenye picha kinaweza kuota ukungu kwako kabla hujamaliza kukilipia. Ndiyo maana kwa nyumba yako mtindo nauchagua kwa hewa na mwanga, na baada ya hapo rangi zinakuja zenyewe.

Tuanze na dari, kwa sababu hapo ndipo fundi wako anapotaka kuanzia. Bati lililoezekwa Agosti bado halijaonja mvua. Subirini vuli ipige. Siku ya mvua kubwa ingieni ndani na tochi, mkague kenchi na kila mahali bati lilipopigiwa msumari. Jipsamu ni unga wa jiwe uliobanwa katikati ya karatasi mbili. Maji yakiingia unavimba, unatoka madoa ya kahawia, unalegea, halafu unaanguka. Hili nimelilipia mwenyewe. Mwanzoni mwa kazi yangu niliwakubalia wateja wa Mbezi tufunge dari kabla ya masika ili wahamie mapema. Msumari mmoja wa bati ulikuwa haujakaa sawa. Mwezi wa nne kipande cha dari kikashuka juu ya meza ya chakula. Hapakuwa na mtu, Mungu alisaidia, lakini nilirudisha gharama na tangu hapo sifungi dari ya mtu kabla bati halijapita mvua moja nzito.

Ngazi tatu sizishauri kabisa. Kila ngazi inakula urefu wa chumba, kati ya sentimita kumi na kumi na tano, na joto la bati linahitaji nafasi ya kupanda. Ule mfereji wa kufichia taa unakusanya vumbi, wadudu na mijusi, na hakuna mtu anayepanda ngazi kila Jumamosi kuufuta. Wekeni jipsamu bapa, ngazi moja, iliyofungwa kwa skrubu kwenye chaneli za chuma kisichoshika kutu. Bafuni na jikoni muulizieni ile bodi ya kijani inayostahimili unyevu. Hela zinazobaki zipelekeni juu ya dari, mahali ambapo hakuna mgeni atakayepaona: tandazeni blanketi la sufi ya kioo ili joto la bati lisishuke, na muache matundu ya hewa yenye wavu chini ya ukingo wa paa. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi mtakayoisikia mwilini kila siku saa nane mchana.

Na kabla bodi ya kwanza haijapanda, mwambieni fundi umeme afunge ndoano za pangaboi kwenye kenchi, sebuleni na kwenye kila chumba cha kulala. Jipsamu haiwezi kubeba pangaboi. Mapanga yake yawe juu ya mita mbili na robo kutoka sakafuni, na yaachane na dari kwa shubiri moja au zaidi ili yavute hewa. Pangaboi linakula wati sabini hivi. Kiyoyozi kidogo cha chumba kinakula wati elfu moja au zaidi. Kwa anayenunua umeme wa Luku hiyo ni hesabu ya kila wiki. Siku hizi kuna mapangaboi mazuri ya mbao, na kwa kweli ni pambo kuliko ngazi yoyote ya jipsamu.

Taa za mumeo. Sitaki mgombane, kwa hiyo mpe mkanda mmoja nyuma ya TV, wenye rimoti, abadilishe rangi anavyotaka siku ya mpira. Lakini taa za kuishi nazo ziwe na mwanga wa joto. Kwenye boksi la balbu kuna namba yenye herufi K. Ikiandikwa 6500K, huo ni mweupe wa kibuluu, ule wa dukani na hospitalini. Chini yake hata mtu mzima wa afya anaonekana ametoka kulazwa, na ukuta wa kijivu unakuwa kama chuma. Nunueni 2700K au 3000K kwa sebule na vyumba, 4000K kwa jiko mahali pa kukatia mboga. Badala ya taa moja kali katikati ya dari, wekeni mbili za ukutani na moja ya kusimama kwenye kona. Msinunue taa zilizochimbiwa darini kumi na mbili kwa chumba kimoja. Umeme ukipanda na kushuka vile vitransfoma vyake vinakufa kimoja kimoja, na baada ya mwaka dari inakuwa na mapengo.

Sasa kuta, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu napapenda. Lipu za chokaa zinazolipiwa hela nyingi Ulaya na Marekani leo ni jamaa wa karibu wa kitu ambacho Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja wamekaa nacho kwa karne nyingi. Kuta za mawe ya matumbawe zilipakwa chokaa, chumba cha ndani kikachongewa zidaka, yaani vijishimo vya ukutani, za kupangia vyombo vya kaure, na ukuta ukawa pambo wenyewe. Nasikitika kwamba kwetu bara neno kupaka chokaa limebaki na sura ya ukuta wa darasa unaochafua shati. Chokaa inayotoka unga ni ile iliyopakwa nzito mara moja. Ikipakwa inavyotakiwa, inashika na kuwa ngumu, na mwanga wa asubuhi ukiipiga inatoa mawingu mawingu ambayo rangi ya ndoo haiwezi kuyatoa.

Zaidi ya uzuri, kwa Kigamboni ina faida. Kama mchanga wenu wa lipu ulikuwa na chumvi, na karibu na bahari hilo hutokea, ukuta utatoa magadi meupe siku za unyevu. Rangi ya silki itavimba malengelenge na kubanduka. Chokaa inapumua, chumvi inatoka nje, unaisugua kwa brashi kavu, basi. Ukungu nao hauipendi, kwa ukali wake.

Kazi inafanyika hivi. Lipu iwe imekaa mwezi mzima. Fundi asipige pati, ile ya kulainishia ukuta, wala rangi ya kwanza, kwa sababu chokaa inataka ukuta mtupu unaonyonya. Chokaa ya mawe ya Tanga inapatikana. Msikubali ya matumbawe, bahari yetu inayahitaji. Loweka, chuja, changanya mpaka iwe nyepesi kama maziwa, ongeza rangi ya unga ya oksaidi kidogo sana, ya manjano ya udongo au ya kahawia. Lowesha ukuta, paka mkono mmoja kwa brashi pana, subiri siku, paka tena, mara tatu au nne. Utaogopa siku ya kwanza kwa sababu ikiwa mbichi haionekani, ni kama umepaka maji. Usiongeze uzito. Inazidi kujitokeza inavyokauka. Fundi avae glovu na miwani, chokaa inaunguza macho. Sebule na chumba chenu ziwe hivyo. Korido, jiko na chumba cha watoto pakeni rangi ya maji inayofutika, ya maziwa ya mtindi niliyoitaja, kwa maana mikono ya watoto haina huruma.

Ukuta wa TV wa plastiki uacheni. Paneli zile zikiwekwa kwenye ukuta wenye unyevu zinafunika ukungu mpaka uanze kunuka, na chapa yake ya marumaru inaanza kuchakaa kwenye kona. Kama mnataka ukuta ule uwe na kitu, ukuta wa tofali za inchi sita msiuchonge zidaka, utaudhoofisha. Zidaka za zamani zilikaa kwenye kuta nene mno kuliko zenu. Jengeni mbele yake ukuta mfupi wa tofali nyembamba, urefu wa kifua, wenye visanduku vinne au vitano vya kuwekea vitabu, vyombo na picha za wazazi, TV ikae juu yake. Pigeni lipu, pakeni chokaa. Saruji na mchanga ndivyo vitu rahisi kuliko vyote mlivyokwisha kununua.

Sakafu nitaipita haraka. Marumaru za kawaida, yaani vigae, ni sawa, hata zile zinazotengenezwa Mkuranga, ila chagueni zisizong'aa, rangi ya mchanga au udongo mwepesi. Nyeupe inayong'aa na mchanga wa pwani ni maadui: miguu ya kutoka nje inaikwangua, na ikilowa inaangusha watu wazima. Terazo, ile sakafu ya saruji na vipande vya mawe inayosuguliwa, inarudi kwa kishindo duniani, na ukitaka kujua inavyodumu ingia majengo ya zamani ya Upanga na Kariakoo utazame ngazi zake, lakini inataka fundi wake, mashine ya kusugua, na bajeti ambayo hamna. Msijaribu terazo ya fundi anayejifunzia kwenu.

Jiko. Sebule iliyoungana na jiko ni nzuri kwa anayepasha chakula. Kwa nyumba inayokaanga samaki na kuunga mchuzi wa nazi kila siku, harufu inaingia kwenye pazia na kochi na haitoki. Wekeni kizuizi cha fremu ya mbao na vioo kinachosukumwa, mwanga upite, moshi usipite. Na kama nyuma ya nyumba kuna nafasi ya mita mbili kwa mbili, ezekeni kibanda cha jiko la nje kwa kukaangia na kwa siku za shughuli. Makabati ya mbao za unga yaliyobandikwa karatasi yanavimba chini ya sinki ndani ya mwaka. Mwambieni fundi amwage rafu za zege, azivike marumaru, kisha seremala aweke milango ya mbao tu. Mimi mwenyewe jikoni kwangu nina rafu za namna hiyo na sijawahi kuzigusa tena.

Sofa ya kona ya kijivu isubiri. Kwanza kwa rangi, ambayo tumeshaisema. Pili kwa kitambaa: velveti na kile kinachofanana na manyoya ya kondoo kinachovuma sasa vinashika joto na jasho, na katika unyevu wa masika vinanuka. Nendeni Keko, mkae na seremala, mumchoree fremu ya mninga au mtiki yenye mgongo wa fito ili hewa ipite, na magodoro ya kukalia yanayovuliwa, yenye zipu, ya pamba nzito. Hapo ndipo mitindo ya mwaka ina nafasi yake: mwaka ujao ukichoka kahawia unashona foronya nyingine. Swali moja msisahau kumuuliza seremala: mbao imekauka kwa muda gani? Mbao mbichi ikifika nyumbani inajikunja na kupasuka viungo. Chini msitandike zulia nene. Mkeka wa ukindu uliosukwa vizuri, wa Pemba au Mafia, unakaa baridi, unakung'utwa nje, na rangi zake zinakubaliana na ukuta wa chokaa bila kuulizwa.

Kuna kitu hujakiuliza, nami nakusihi mkiweke kabla ya kununua hata mto mmoja. Jengeni kibaraza. Magazeti ya mapambo ya nchi za nje yanasema mtindo mkubwa ni kuishi nusu ndani, nusu nje. Ninyi mna upepo wa bahari unaowapitia mlangoni bure! Upande wenye kivuli alasiri, mwage benchi la saruji refu la kutosha watu wanne, urefu wa kukalia sentimita arobaini na tano, upana sitini ili mtu aweze hata kujilaza. Sakafu yake iwe ya saruji nyekundu ya oksaidi, inayomwagiliwa maji wiki nzima isipasuke, kisha ipigwe nta. Juu paa jepesi. Nimeona nyumba zenye sebule ya mamilioni ambayo hakuna anayeikalia, na familia nzima iko nje kwenye viti vya plastiki kwa sababu ndani kuna joto.

Na madirisha, kwa kuwa bado hamjayaweka, hapo ndipo pa kuweka hela kwanza kuliko dari, kuliko kila kitu. Yale ya alumini ya kusukuma yanafunguka nusu tu. Nusu ya upepo mliojengea nyumba mnaiziba wenyewe. Ulizeni bei ya yanayofunguka yote, yenye bawaba, au ya shata za mbao zenye mapanga kwa vyumba vya kulala. Kila chumba kiwe na tundu la pili la kutokea hewa, hata kama ni matofali ya matundu juu ya mlango. Dirisha la magharibi lisilozuiwa litawachoma kila jioni, na pazia zito la ndani halisaidii sana kwa sababu joto limeshapita kioo. Kivuli kiwekwe nje: kipenu cha upana wa mita moja hivi, chiki, au mti. Ndani pazia moja jepesi la pamba linatosha.

Jumamosi hii nendeni ninyi wawili, bila fundi, mkakae kwenye sebule tupu kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja. Chukueni chaki. Wekeni alama sakafuni jua linapofika, na mahali mnaposikia upepo. Ndoano za pangaboi, kochi na TV mvipange kwa alama hizo, halafu fundi aitwe Jumatatu.